Tutakuwa Babili Ndani

Yaya Numbi,

Mwalimu wangu, dada yangu usiye wa damu, kiti chako bado kiko wazi. Ninaanza na kiti kwa sababu siku ya maziko sikuweza kusema kitu, na unajua mimi si mtu wa kukosa maneno.

Tangu tulipokuzika, mimi ndiye mwanamke pekee anayefundisha katika chuo chetu cha wauguzi. Wanafunzi wengi ni wasichana. Pale maternité, wodi ya wazazi, wanaolala vitandani wote ni wanawake. Lakini mbele ya ubao wamesimama wanaume, karibu wote wametoka miji mikubwa, na mimi. Wageni wakija, mkubwa wa chuo ananiita nipigwe picha. "Njo huyu mwanamuke wetu," anasema. Wetu. Kama jenereta ya chuo.

Unakumbuka siku uliyonivuta nije kufundisha? Niliogopa, mimi mtoto wa reli, ambaye baba yake alishuka kwenye treni hapa Kamina akabaki, na Kiluba changu kilikuwa cha sokoni tu. Ukanicheka mpaka nami nikacheka. "Mudogo, ingia. Bakifunga mulango, tutakuwa babili ndani."

Wamefunga, Yaya. Na hatuko wawili tena, niko peke yangu.

Kabange ameomba nafasi yako. Yule mwanafunzi wetu wa Mulongo, binti wa wavuvi, ambaye ulisema siku moja atafundisha. Tangu amalize anazalisha huko kwao, na katika baraza la walimu hakuna aliyedai kwamba hajui kazi. Walisema mengine. Mmoja alisema Kifaransa chake kinanuka samaki, wakacheka. Mwingine akaleta lile neno lao, ubora. Nimesoma vitabu vingi, na nimelichunguza neno hilo: linalala usingizi mwaka mzima, linaamka mtu wa kwetu akibisha hodi.

Nikasimama. Unajua nikisimama inakuwaje. Nikawauliza kama wamemsahau yule daktari mgeni, ambaye mama aliyetoka kujifungua alimwambia "wafwako", naye akakimbia kutafuta maiti. Sikio lake la Kiswahili lilisikia kufa, kumbe Kiluba kilikuwa kinamshukuru. Wewe hukumcheka. Ulimketisha, ukamfundisha namna ya kuitikia, na akina mama wakampenda. Nani atawafundisha wanafunzi mambo hayo sasa? Mimi mwenyewe niliyapata kwako.

Mkubwa wa chuo alingoja nimalize. Kisha akawaambia wenzake, taratibu: "Munasikia? Huyu iko moya tu. Bakikuwa babili?" Wakacheka tena. Halafu akanigeukia. "Kama unamupenda sana, umupe nafasi yako weye."

Hapo ndipo niliponaswa. Nikipiga kelele, kelele yangu inamfungia Kabange mlango. Nikinyamaza, mimi ni picha ukutani. Nikiondoka, yeye anaingia, na tunabaki mwanamke mmoja kama mwanzo. Nimeligeuza jambo hili mpaka bukari inapoa sahanini mbele yangu. Nimebishana redioni na watu wenye walinzi, Yaya, sijawahi kukosa pa kutokea. Sasa nimekosa. Hata filimbi ya treni nikiisikia naona kama inamwita mtu mwingine.

Jumatatu wanaamua. Nafasi yangu sitoi. Lakini asubuhi hiyo, kabla hawajaketi, Kabange ataingia pamoja nami katika somo langu la uzazi, tutasimama wote wawili mbele ya ubao na kugawana somo. Sikuomba ruhusa. Wakitaka kumtoa, watutoe sote, wasichana wakiona. Na huenda wakatutoa kweli. Nyumba ninayolala ni ya chuo, wewe unajua sina nyingine.

Jana Kabange alifika kutoka Mulongo. Aliketi kwangu, mikono imebana magoti, akaniuliza kama ni yeye peke yake anayeogopa. Nikaliacha jibu kali, la mwanamke wa redioni. Nikampa lako, neno kwa neno, na akacheka kama nilivyocheka mimi.

Lala, Yaya. Nakuahidi hivi: wakifunga mlango safari hii, watatukuta babili ndani.

Wafwako. Na leo, asiyejua Kiluba akisikia kifo katika neno hilo, hatakuwa amekosea sana.

Mudogo wako,
Mado