Nafasi ya Idadi Nimeiacha Wazi

Rågsved, Stockholm
Machi 1973

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa, na kwamba mama hakeshi tena na kile kikohozi alichonitajia dada. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji bado ipo, na ukitoka nje bila kofia masikio huuma kana kwamba yameng'atwa. Lakini si baridi inayoninyima usingizi. Kuna jambo ambalo wewe peke yako unaweza kulikata, nami nalieleza kwa utaratibu ili usije ukalipata nusu.

Unajua kwamba mafunzo yangu ya kiwanda cha maziwa yanaisha Juni, na ufadhili unaisha pamoja nayo. Nataka kuingia chuo cha madaktari wa mifugo cha hapa. Cheti changu cha sekondari wamekikubali. Wanachodai sasa ni saa: kila mwombaji aonyeshe saa alizofanya kazi na wanyama, zikiwa na sahihi ya mwenye wanyama hao. Nilidhani ninazo nyingi, kwa kuwa kila siku yangu ya kazi imo katika shajara. Mama mmoja wa makamo anayepokea maombi alizipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniambia bila ukali kwamba maziwa si mnyama. Saa zote za kiwandani akazikata. Zikabaki Jumamosi na Jumapili ninazokwenda kwa mkulima mmoja nje ya Södertälje kusafisha banda, kulisha na kusaidia ng'ombe wanapozaa. Hizo hazifiki hata nusu, na maombi yanafungwa mwisho wa Mei.

Nikamweleza kwamba nimechunga tangu sijaota meno ya pili. Uso wake ukachangamka. Akasema saa hizo atazipokea, mradi ziandikwe: miaka niliyochunga, kazi nilizofanya, idadi ya ng'ombe, na sahihi ya mwenye mali. Akanipa fomu, nikaijaza pale pale mezani kwake. Kuchunga. Kukamua. Kupeleka joshoni. Kumshikia bwana mifugo ng'ombe siku za chanjo. Nilipofika penye idadi, kalamu ikasimama.

"Ni wangapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui.

"Umewachunga miaka yote hiyo, na hujui ni wangapi?"

Baba, hakuniita mwongo. Aliisukuma tu shajara yangu, polepole, ikarudi upande wangu wa meza. Nikaona nisipojitetea nimekwisha. Nikaanza kuwataja: yule mweusi mwenye baka jeupe pajani, na mama yake, kisha mtamba aliyezaliwa siku ya msiba wa babu, dume lenye pembe iliyovunjika. Akawa ananisikiliza kwa makini hata nikafurahi. Kisha nikauona mkono wake. Kila ng'ombe niliyemtaja alikuwa akimpigia mstari mdogo kwenye karatasi, na mistari ilikwisha kupangana kama kuni. Sikufikiri. Niliifunika karatasi kwa kiganja.

Akashtuka. Nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba baba yangu hahesabu mali yenye uhai, na haihesabiwi nyuma ya mgongo wake. Nikamsimulia jinsi baba mdogo alivyowahesabu wake kwa punje za mahindi, na ugonjwa wa sotoka ulivyoingia zizini mwake na kuwaua kabla ya masika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaichana ile karatasi mwenyewe, akaitia kapuni. Halafu akasema, "Nimekuelewa. Lakini fomu isiyo na idadi siwezi kuipokea. Basi ataamua baba yako."

Otieno, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, ananicheka. "Wewe Mtanzania, andika mia moja. Nani atapanda ndege aende kuhesabu mikia kwenu?" Anasema hata mkulima wangu amewatia ng'ombe wake namba masikioni, na wanazaa tu. Ni kweli, nimewaona, na wana afya. Nikamjibu kwamba nikiandika uongo nitakuwa nimehesabu ng'ombe wasiokuwepo, na sijui hilo nalo huita balaa gani. "Haya, mtoto wa mzee," akasema. "Ukirudishwa kwenu utawachunga hao hao." Neno hilo limenikwama kama mfupa.

Nakumbuka karani wa kodi alipokuja nyumbani akauliza ni wangapi, ukamjibu, "Wapo." Akauliza tena, ukamjibu, "Wapo wote." Siku ile nilicheka sana. Sasa mimi ndiye niliyesimama mbele ya karani, na jibu hilo halitoshi.

Fomu nimeitia humu. Ni ya Kiswidi, lakini nimeandika Kiswahili kwa penseli pembeni, na kaka atakusomea. Nimejaza kila kitu isipokuwa nafasi ya idadi, ambayo nimeiacha wazi. Sitakuficha, baba: chuo hicho nakitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukutajia. Lakini sikutaka idadi itoke kinywani mwangu kabla haijatoka kwako. Ukiijaza, iwe kwa neno lako na dole gumba lako. Ukiirudisha ikiwa wazi, nitaipokea hivyo na sitauliza. Mkulima amenikubalia nilale bandani majira haya ya kuzaa, niongeze saa. Hazitatosha, lakini sitakaa bure.

Msalimie mama, na kaka aliyebaki na zizi, na dada pamoja na shemeji na watoto wao. Baba mdogo msalimie pia, ila usimwambie kwamba nimemtaja kwa watu wa huku.

Posta huchelewa. Ukikubali, nijibu upesi. Ukikataa, nijibu upesi vilevile, nisiwe nachungulia kisanduku cha barua kila asubuhi.

Mwanao akuheshimuye,
Marwa