Miezi Mitatu ya Yuditha

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Yuditha, mke wa shemeji Filbert, kajifungua wiki iliyopita, na sasa ni malkia. Miezi mitatu ya kulala! Desturi ni desturi: mzazi hagusi kazi, mama mkwe anampikia. Lakini Mama ana miaka miwili kitandani — upande mmoja hauna nguvu, macho hayaoni vizuri. Kwa hiyo napika mimi. Mume wangu Eliufoo ni mtoto wa mwisho, kihamba, yaani shamba la ukoo, ni chake, na Mama ni mzigo wa mkewe. Mama hajanipa asante hata siku moja. Nimgeuze, nimfulie, nikate majani ya ng'ombe, nichume kahawa, kisha nimpelekee Yuditha bakuli. Namwonea wivu, sikatai.

Jumatano, 8 Agosti
Nimekula mlaso wa Yuditha. Damu, maziwa, siagi — bakuli zima, nimesimama migombani kama mwizi. Yuditha nimempelekea uji tu. Nikasema ng'ombe hakutolewa damu leo. Akaunywa wote.

Jumapili, 12 Agosti
Sikwenda kanisani. Nikimgeuza Mama mikono ikaisha nguvu, nusura nimwangushe. Nikakaa chini nikalia. Mama akauliza nani analia. Nikasema ni mtoto wa Yuditha.

Baada ya ibada akina mama wa kanisa walileta maziwa — ya mzazi. Wakasifu anavyong'aa. Mimi Priska hakuna aliyeniuliza hata nimelalaje.

Jumatatu, 13 Agosti
Yuditha kaniita chumbani kwake. Nikajua ni ule mlaso. Akasema siagi aliiona kwenye khanga yangu Jumatano ileile, na jana alijua vizuri si mtoto wake aliyelia. Akaniomba khanga. Akajitanda, akaniambia nilale kitandani kwake mpaka saa kumi, Mama atamgeuza yeye. Nikamwambia mzazi hatoki, watu watasema.

"Watamwona Priska," akasema.

Basi nimelala. Naandika hapahapa, mtoto wake ubavuni. Blanketi lake jipya, la kwangu limetoboka! Mama yuko chumba cha pili, ukuta mwembamba, nasikia yote. Maji yanakamuliwa kwenye kitambaa. Mama anageuzwa. Kisha anasema, wazi kabisa: "Asante, Priska. Umechoka, mwanangu."

Miaka miwili nimelingoja neno hilo. Limemwendea yeye! Nataka kuinuka nikalichukue. Mtoto ameshika kidole changu, na macho yanajifumba —