Painti Saba za Bombomu

Jumatatu, 24 Oktoba 1949
Shinyanga hadi Geita, mapipa 12 ya dizeli ya machimbo. Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, nimefika saa tisa. Pancha moja. Jua limenipiga utosini njia nzima kupitia lile tundu la paa. Lori la jeshi, mnada wa 1946. Humo ndimo alimosimama askari na bunduki yake. Wenzangu walionunua siku ile wote wameziba. Mke wangu, Mama Kulwa, anasema hata kuku ana paa. Mimi namjibu injini kwanza. Mwaka wa tatu huu, injini kwanza.

Alhamisi, 27 Oktoba
Nimeitwa Boma. Dakika arobaini nimesimama mlangoni. Kumbe Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anataka lori langu. Tarehe 11 ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Bombomu, ile bunduki ya mkanda, italetwa kutoka Tabora, ifungwe juu ya tundu, mimi nisimame humo kama zamani, watemi waone. Risasi hakuna.
Mwaka jana niliomba kazi ya kubeba posta. Sikuwa askari siku hiyo, nilikuwa "huyu dereva". Leo nimekuwa askari tena. Nimekubali. Leseni yangu ya barabara inasainiwa na mkono uleule.

Jumamosi, 29 Oktoba
Karani kanionyesha majina ya wageni. Wa tatu: Mzee Shija wa Kharumwa. Atapokea nishani ya mwanawe Mabula.
Mabula alikuwa mlisha mkanda wangu. Mkanda mmoja risasi 250. Alisimama kulia kwangu akiunyoosha usikwame. Miezi 14, bega kwa bega, ndani ya tundu kama hili.
Niliporudi nilimwambia mzee kwamba risasi ilimpiga mwanawe kichwani, hakuteseka. Tangu hapo kila nikipita Kharumwa ananiwekea michembe, vile viazi vikavu, na maziwa. Nakula.

Jumatano, 2 Novemba
Niandike mara moja, yaishe.
Uhabeshi, 1941. Lori letu liliharibika, wenzetu wametangulia. Tulikuwa wanne: sajenti Mzungu, dereva, Mabula na mimi. Saa mbili asubuhi tukashambuliwa. Tuliwafukuza, lakini Mabula alipigwa tumboni, na maji ya bombomu yakaisha kwa mvuke. Bunduki ile mtutu wake umevikwa koti la bati, na koti linabeba maji painti saba. Bila maji inaungua, inakwama.
Maji ya kunywa yalikuwa painti tisa. Sajenti akasema bunduki kwanza. Akasema pia mtu wa tumbo hapewi maji. Labda ni kweli. Sijamuuliza daktari mpaka leo.
Aliyepima ni mimi. Aliyemimina ni mimi. Saba kwa bunduki, mbili kwa watu watatu. Mabula hakuwemo katika hesabu. Aliomba mpaka saa kumi jioni. Kisha akanyamaza.
Adui hakurudi. Hatukufyatua tena hata risasi moja. Kesho yake tuliyafungulia maji yale, yana mafuta, tukayatia kwenye rejeta ya gari.
Sajenti alipewa nishani. Mimi nilipewa koti na suruali ya kuondokea jeshini.
Nimesoma tena. Hesabu ni sawa. Sisikii kitu.

Alhamisi, 10 Novemba
Bombomu imefika. Nimeifunga mwenyewe, nati nne. Mikono haijasahau. Mama Kulwa kapita akiwa na ndoo tupu: "Umependeza. Leo utalala nami au na hilo bomba?" Sikucheka. Kisima cha Ngokolo kimebaki tope. Foleni inaanza alfajiri.

Ijumaa, 11 Novemba
Tarumbeta, hotuba, dakika mbili za kimya. Halafu afisa wa Tabora akataka watemi waone bunduki inavyoandaliwa. Akaagiza debe la maji. Nikamimina. Wanawake waliotoka kisimani walikuwa wamesimama kwenye ua wa Boma.
"Jamani, bunduki imeruka foleni."
"Iache, labda ina watoto nyumbani."
Watu wakacheka. Mzee Shija hakucheka. Alikuja mpaka ubavuni mwa lori, akashika tairi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza:
"Kumbe inakunywa?"
"Inakunywa, mzee. Ndivyo inavyopoa."
"Kiasi gani?"
"Painti saba."
"Huko mlikokuwa maji yalikuwepo?"
"Kidogo."
Akatazama mtutu.
"Ng'wanawane, mwanangu, alikunywa?"
Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa hapo hapo.
"Hapana. Aliomba mchana kutwa. Nilitia kwenye bunduki."
Wakamwita jina. Akaenda kuchukua nishani.

Jumamosi, 12 Novemba
Bombomu nimeifungua, mzee nimemrudisha Kharumwa. Nishani aliishika mkononi, hakuivaa. Jua liliingia kwa tundu likamkaa magotini. Aliposhuka alisema tu: "Jumatano uje na maji." Michembe hakuna.

Jumatano, 16 Novemba
Nimempelekea debe moja, painti 32, maji safi. Akatoa kikombe cha bati cha painti moja. "Wewe unajua kupima. Pima."
Nilipima. Kila kikombe alikipokea, akakimimina chini, kizingitini pa nyumba ambayo Mabula alikuwa amejijengea aoe. Mlango wake haujawahi kufungwa. Alihesabu kwa Kisukuma, polepole, mpaka mpungati. Saba. Ardhi ilikunywa yote kabla hajanyoosha mgongo.
Kisha akachota cha nane, akanywa mwenyewe mpaka mwisho. Mimi sikupewa. Akabeba debe ndani. Zilibaki painti 24.
Nilikaa kidogo kwenye usukani. Hakutoka tena.

Alhamisi, 17 Novemba
Nimekata bati, nimeziba tundu. Ribiti 20. Ndani ya gari kuna kiza kidogo, na joto la injini linabaki humo humo. Mama Kulwa kapiga paa kwa kiganja, akaenda zake.
Kesho Geita. Mapipa 12. Nitapita Kharumwa saa nne hivi. Debe jingine nimeshalijaza maji.