Moscow Karibu, Kilosa Mbali

Wee Raheli, bado siamini. Bibi Letisia ametoka kunisimulia alichomjibu mjomba wake mwaka sabini na tatu. Mjomba, shoga! Unajua kwetu mjomba akisema, hata baba mzazi ananyamaza.

Letisia alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Moscow. Ukoo ukakutana kijijini Malolo, na mjomba Nikolaus akauliza swali moja tu. "Ukiwa huko, ukaletewa habari ya msiba, utawahi kuzika?"

Si unajua umbali wa kwetu unavyopimwa? Usikoweza kuwahi maziko ni mbali, basi.

Binti akasimama. Mbele ya wazee, akasimama! "Ni maili elfu nne, mjomba. Ndege ikipaa Dar es Salaam leo jioni, kesho mchana nipo Moscow."

Mjomba akaguna. "Mbali."

"Mbali ni Kilosa," akasema Letisia. "Mama yako alipofariki masika, ulikuwa Kilosa kwenye mkutano wa vijiji vya ujamaa. Mto ukajaa, ukafika tumeshamzika. Mbona wewe hukukatazwa kwenda?"

Msiba wa mama mzazi wa mjomba, Raheli! Alimwambia hivyo!

Mzee akainuka, akachukua fimbo yake. "Mimi nikifa hutanizika."

"Basi usife mpaka nirudi."

Na hakufa. Miaka minne baadaye alikuwa stesheni ya Kilosa, amekonda, ameegemea fimbo ileile. Letisia akashuka kwenye treni, akapiga goti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umechelewa," akasema mzee. "Nimechoka kukusubiri."