Kwako Uliyetukataza Kusema "Sijambo"

Hujambo, mwanangu? Mwaka umetimia Jumanne hii tangu utuache, na bado mama yako akiamka huuliza hivyo akiwa ameshika kitasa cha chumba chako cha kushonea, halafu anakumbuka kuwa hakuna wa kumjibu.

Ungekuwepo ungejibu kwa namna yako. Watu wakiulizwa hujambo husema sijambo, hata aliyelazwa kwenye machela. Wewe ulisema, "Ninalo, mama. Goti la kushoto, na usingizi haukunitosha." Kisha unarudisha swali, "Na wewe?" Mama yako anajibu, "Mimi sijambo." Unamtazama juu ya miwani, unaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Tunakumbuka jibu hilo lilikoanzia. Ilikuwa mwaka wa pili wa maradhi yako ya figo. Mlikuwa kwenye benchi la hospitali mkingoja zamu ya mashine ya kusafisha damu, wewe na dereva mmoja mstaafu, mzee wa utani mwingi. Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba, viatu amevikanyaga visigino kama kandambili. Muuguzi akapita. "Shikamoo mzee, hujambo leo?" "Marahaba binti yangu, sijambo kabisa." Muuguzi akaenda kwa mwingine. Saa nane mchana mzee hakuwa tena duniani. Ulirudi nyumbani hukula. Ulimwambia mama yako, "Amekufa kwa adabu, mama. Hakutaka kumsumbua mtu."

Wiki iliyofuata ulisimama pale pale kwenye benchi ukasema na wagonjwa wenzako, ukawakataza "sijambo" ya adabu. Wakacheka, wakalia, wakakutaka tena. Habari zikaenda. Ukaitwa kwenye shule ya wauguzi, viwandani, mpaka vyumba vya mikutano vyenye viti vya kuzunguka. Ulikwenda na gauni lako la kazi, vipande vya nyuzi begani, futi ya kupimia shingoni. Meneja mmoja akakuuliza mbele ya watu, "Mama, hiyo futi ni mfano wa nini?" Ukajipapasa shingo. "Ni mfano wa kusahau, bwana." Tangu hapo jina likawa Bi Futi, na mumeo fundi umeme akawa anakutania eti ameoa kipimo.

Ulianza vile vile kila mara. "Hamjambo?" "Hatujambo!" "Wote? Basi nimekosea ukumbi." Wakimaliza kucheka unauliza tena, polepole, unangoja wa kunyanyua mkono. Kwenye kiwanda cha sabuni aliyenyanyua mkono alikuwa mlinzi wa getini. "Mimi ninalo. Nakojoa damu, wiki ya tatu hii. Hata mke wangu sijamwambia." Alitibiwa akapona. Bado hupita hapa Ijumaa na kugonga dirisha. "Shikamoo bibi. Leo ninalo dogo tu, jino."

Hukuwa malaika. Ole wake aliyekata karatasi kwa mkasi wako wa vitambaa. Chai uliisahau ikapoa, ukaipasha, ukaisahau tena. Wala hukumwahidi mtu kupona. Jirani alipokuambia ujipe moyo, ulimjibu, "Moyo ninao, dada. Figo ndiyo sina."

Liko jambo mama yako hajamwambia mtu. Kabatini mwake kuna kitambaa cha buluu chenye maua meupe madogo, kimekaa miaka mitatu sasa. Alitaka umshonee gauni. Gauni lenyewe si kitu, alitaka siku nzima na wewe, apimwe, ageuzwe, aambiwe, "Simama wima mama, usivute tumbo." Lakini Jumatatu na Alhamisi ulikuwa wa mashine, siku nyingine wa wateja, Jumamosi wa watu wa kumbi. Akaona atakuongezea mzigo.

Jumamosi ya mwisho uliweka mkoba mlangoni ukauliza, "Mama, niende au nikae? Sema kweli."

"Nenda, mwanangu. Mimi sijambo."

Ukacheka kidogo. "Kumbi zote nimeziweza. Wewe tu umenishinda."

Ukaenda, ukarudi umechoka lakini umefurahi, na Jumanne ukatutoka. Daktari alituambia si ile safari iliyokuchukua, na mama yako anamwamini. Ila kitambaa bado kimekunjwa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye hajaibadilisha taa ya juu ya cherehani yako kwa sababu wewe ndiwe uliyeichagua. Na binti yako mkubwa, anayeigombeza cherehani hiyo kwa maneno yako yale yale. Na mdogo wake wa kiume, ambaye sasa akiumia husema panapouma. Na kaka yako fundi baiskeli, wifi yako na shangazi zako. Na yule muuguzi, ambaye siku hizi huuliza mara mbili. Na wenzako wa benchi la Alhamisi. Nyumba hii haitaacha kukutaja.

Jana binti yako alifungua kabati akakiona kitambaa. Akaenda kuchukua futi yako, akaivaa shingoni, akarudi. "Bibi, hujambo?"

Mama yako akafungua mdomo atoe lile neno la siku zote, akalimeza. Akamwomba mjukuu angoje kidogo, maana yupo aliyeuliza kabla yake na hakujibiwa kweli.

Ninalo, mwanangu. Nilitaka ukae.