Bi Mkubwa na Bi Mdogo: Misumeno Miwili, Stoo Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeletewa mke mwenza. Mdogo wangu ameingia uani asubuhi na boksi, anatabasamu kama bwana harusi. Ndani — msumeno wa cheni, mpya, rangi ya chungwa, unang'aa kama toi. Hakuniuliza. Kazi hii ya kukata miti niliianza mimi, na shoka la kuazima, yeye bado anafungwa kamba za viatu. Lakini kumbe siku hizi mtu anaamka tu na kununua mashine. Anasema ni akiba yake mwenyewe. Sawa. Na stoo je, ni ya nani?

Nikamwuliza wa zamani una kasoro gani. Akaanza: mzito, hauna breki, unatikisa mtu mpaka meno, unakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka juani. Nikamwambia na mimi nina yangu. Miaka ishirini na sita, haujawahi kulala kwa fundi. Kila skrubu naijua kwa jina la ukoo. Huo wake ukifa atafungua nini — plastiki?

Mume wangu amesikia yote akiwa kwenye cherehani yake. Akasema basi mmoja aitwe Bi Mkubwa, mwingine Bi Mdogo, na wapangiwe zamu ili nyumba iwe na amani. Majina yameshika hapo hapo. Hata mimi nimecheka. Kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi

Mashindano! Gogo moja, unene uleule, saa ya mume wangu mkononi. Bi Mdogo: sekunde hamsini na mbili. Bi Mkubwa: arobaini na moja. Tukarudia, mdogo wangu akidai nilianza kabla ya kuhesabiwa. Arobaini na tatu. Bado nimemwacha mbali.

Akasema uzito je — kilo kumi na moja kwa sita. Tukate mpaka mchana, tuone nani bado amesimama. Nikamjibu huo ni mtihani wa mgongo, si wa mashine, na mgongo wangu haujalalamika kwake. Nimelala na furaha ya sekunde tisa.

Kitu kimoja tu kimeniudhi. Mwishoni Bi Mkubwa alitoa moshi. Nimekagua ule ulimi wa chuma ambao cheni inauzunguka — ncha imegeuka bluu. Imeungua. Maana yake cheni inazunguka kavu.

Sasa, Bi Mkubwa si kama hawa wa kisasa wanaojipaka oili wenyewe. Ana kitufe kwenye mshiko wa nyuma. Unakibonyeza kwa kidole gumba kila baada ya muda, pampu inatema oili kwenye cheni. Mimi nabonyeza bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho. Kwa hiyo si mimi. Ni oili. Yule muuza oili amechakachua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda dukani kwake nikiwa nimejaa mpaka kooni. Nikampa yake mbele ya wateja: oili nyepesi kama chai ya msibani, mashine yangu imeungua, ningekuwa mtu wa maneno mengi ningesema zaidi. Nikasema zaidi.

Mzee wa watu hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akachukua chupa nyingine kutoka rafu ya juu, bado ina lakiri, akanipa bure. Akasema, "Mama, jaribu hii. Ikiungua tena, mimi nafunga duka, na wewe unafungua macho."

Jeuri hiyo. Nimeichukua chupa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya ajabu. Niandike kwa mpangilio.

Kwanza: oili ya zamani, ileile niliyoilaani, tumeitia kwenye Bi Mdogo. Mdogo wangu ameuwasha, ameelekeza ncha kwenye kadibodi. Mstari wa matone, mweusi, mnene, safi kabisa. Oili nzuri. Mdogo wangu akauliza kama ampelekee mzee wa oili salamu zangu. Nikamtuma akanoe cheni.

Pili: basi ni pampu. Nimemfungua Bi Mkubwa juu ya meza ya mume wangu ya kukatia vitambaa. Amelalamika, nimetandika gazeti. Springi nzima. Mpira mzima. Njia ya oili safi, nimeipuliza kwa mdomo. Nikamrudishia kila kitu, nikabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nikatoa tusi moja la saizi ya kati.

Mume wangu akanyoosha mkono tu, kwa uchokozi, akabonyeza. Oili ikaruka mpaka kwenye shati jeupe la mteja.

Tumeliangalia lile shati. Halafu akaniambia nibonyeze tena, polepole, mbele ya macho yake. Nikabonyeza. Akasema sijabonyeza. Nikasema nimebonyeza. Akasema kidole kimelala tu juu ya kitufe, kama paka.

Akaniomba nitazame dirishani, nimpe mkono wa kulia, atanigusa na sindano, nikisikia niseme. Nikatazama. Jirani alikuwa anaanika shuka. Nikasubiri. Nikachoka kusubiri, nikamwambia aanze basi, nina kazi.

"Nimeshamaliza," akasema. "Gumba na kinachofuata. Mara nne."

Kulikuwa na vitone vinne vya damu. Vidogo, vimepangwa vizuri. Yeye ni fundi nguo hata kwa mambo haya.

Jumanne, 12 Machi

Kumi toa viwili ni vinane. Watu wanaishi na vichache zaidi.

Asubuhi vidole vinakuwa vyeupe kama mshumaa, hilo nalijua siku nyingi, nikadhani ni maji ya baridi. Mume wangu anasema ni mtetemo, miaka yote ile bila mpira wa kuupunguza. Bi Mkubwa amevihamisha vidole vyangu taratibu, kama mpangaji anayeondoka na kijiko kimoja kila siku, na mimi namfungulia mlango.

Hospitali Jumatatu ijayo. Nimekubali. Nimemwapisha asimwambie mdogo wangu. Jumamosi tuna mti wa kukata shuleni, mimi ndiye niliyeahidi.

Nimepita kwa mzee wa oili. Samahani haikutoka. Nimenunua lita mbili ambazo sizihitaji. Akazifunga vizuri, akaniuliza macho yanaendeleaje.

Alhamisi, 14 Machi

Tumekwenda kuuona mti. Mkubwa, umeinamia paa la darasa la kwanza. Hatuwezi kuuangusha huko, na nyuma kuna tangi la maji. Nafasi ni kati ya tangi na uzio — hatua nane, na matawi yake yanajaza sita. Mwalimu mkuu akasema ameambiwa kuna mama anayelaza mti kama anayemlaza mtoto. Mdogo wangu akaninyooshea kidole kwa fahari. Nilitamani ardhi inimeze, mimi ninayependa sifa kuliko sukari.

Jioni, mdogo wangu ameondoka, nikamtoa Bi Mdogo stoo. Niseme ukweli hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Umewaka kwa mvuto wa kwanza! Bi Mkubwa anataka mivuto mitano na maombi. Nimekata magogo sita. Mikono imetulia. Nimeweka chini, nikasubiri ule mtetemo unaobaki kwenye mifupa — haupo. Breki nimeijaribu kwa kuisukuma: cheni imeganda papo hapo.

Lakini ni kama kuongea na mtu kupitia mto wa kulalia. Bi Mkubwa ananiambia mti ukoje ndani. Palipooza, penye fundo, na ile dakika nyuzi za mwisho zinapoanza kuachia, ambapo lazima usimame, ubakize ukanda wa kuuongoza mti. Hayo yote yananijia kupitia kiganja. Ndiyo maana mashine za zamani ni bora, nimesema hivyo miaka yote.

Kisha nimekaa juu ya gogo nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho kiganja kuniambia kitu. Si mwaka huu.

Jumamosi, 16 Machi

Shuleni. Naandika hapa hapa, juu ya sanduku la vifaa, mti uko mbele yangu.

Kamba zimefungwa. Mdogo wangu amekata kinywa cha mti upande wa kuangukia, kwa Bi Mdogo, na amekikata vizuri, siwezi kumwambia. Darasa limefungwa. Mwalimu mkuu na walimu wawili wamesimama mbali, wamekunja mikono kama wanangoja matokeo. Upepo umetulia. Tuna nafasi hii labda kwa saa moja.

Kumebaki mkato wa nyuma, ule wa kuulaza mti. Huo ni wangu. Umekuwa wangu siku zote, hakuna aliyewahi kuuliza.

Mdogo wangu amekuja ameshika misumeno yote miwili, mmoja kila mkono. Anasema, "Leo uamuzi wako, dada. Sikubishii. Upi?"

Anadhani bado tunabishana habari ya mashine.

Nimemwambia asubiri, naandika kitu. Amecheka, amesema andika upesi. Kalamu imeniponyoka mara mbili tangu nianze ukurasa huu, na zote mbili nimejua baada ya kusikia ikigonga sanduku.

Amemweka Bi Mkubwa chini. Amechuchumaa mbele yangu. Hatazami daftari, anatazama mkono. Ananiuliza, taratibu, wale wengine wasisikie, kwa nini gumba lina alama za sindano, na safari hii sina oili wala pampu ya kusingizia.