Ng'ombe wa Shija

Jumatatu, 3 Machi
Madaftari arobaini ya kidato cha pili, nimesahihisha ishirini. Chaki zimeisha tena. Mvua tangu saa nane, tope la Nsemulwa limekula kiatu changu cha kushoto.

Barua pepe kutoka kliniki ya Dar, ile iliyotupatia Kulwa na Doto. Viinitete vyetu viwili vilivyobaki, mimba changa zilizotungwa maabara, viko kwenye barafu, mwaka wa nne sasa. Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Fomu ina visanduku vitatu: kuwapa wanandoa wengine, kuyeyusha na kutupa, au kutoa kwa utafiti iwapo nchi itapitisha mwongozo wa kuuruhusu. Cha kuvirudisha kwangu hakipo. Kizazi kilitolewa siku ileile walipozaliwa mapacha, damu ilikataa kukatika.

Masanja amesoma, akasema mwalimu wa bayolojia ni mimi. Nimekasirika. Baba yao ni yeye.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya Majivu. Baada ya misa mama Evarista, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kanishika mkono. Wiki ijayo wageni wanakuja Mpanda kukusanya maoni ya huo mwongozo: utafiti wa viinitete uruhusiwe au la. Jumuiya inapinga. Msemaji nimechaguliwa mimi, eti nimesoma.

Hapa hakuna anayejua habari za Dar. Wanaamini mapacha walipatikana kwa novena. Novena nilisali kweli, siku zote tisa.

Nilikubali. Niliogopa kuulizwa kwa nini nakataa.

Jumamosi, 8 Machi
Misunkumilo, kwa mama mkwe. Macho yake yanaisha. Daktari alisema tatizo liko nyuma ya jicho, miwani haisaidii na dawa haipo. Mapacha anawatofautisha kwa kuwapapasa vichwa. Doto ana kovu.

Ameuliza tena Shija yuko wapi. Kwao Wasukuma anayefuata mapacha jina lake liko tayari, ni Shija. Anayemfuata Shija ni Kashinje. Hakuna kuchagua. Mtamba wa huyo Shija mama mkwe alimtenga zizini tangu mapacha wanaota meno.

"Ng'ombe wa Shija ameshazaa, mama Kulwa. Mwenyewe bado tu."

Habari ya kizazi hatujamwambia miaka yote hii. Anadhani navuta muda. Kurudi, sikuongea na Masanja njia nzima. Pikipiki ilitusaidia, ina kelele.

Alhamisi, 13 Machi
Mkutano. Ukumbi umejaa, feni haizunguki. Nilisoma karatasi ya jumuiya: kiinitete ni mtu, na mtu si malighafi. Sauti haikutetemeka. Makofi.

Daktari kijana aliyekuja na wageni akaeleza kwamba kuna watafiti wanaojaribu kutengeneza seli za nyuma ya jicho kutokana na viinitete kama hivyo. Hakuahidi kitu. Alisema huenda isifanikiwe. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha akasimama mama mmoja wa Mishamo, mkulima wa maharage. "Nyie wote mnasema, mnasema. Wenye navyo wameulizwa?" Ukumbi ulicheka. Nikacheka na mimi. Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 14 Machi
Vipindi vitatu. Mada, mgawanyiko wa seli. Sikula.

Jumapili, 23 Machi
Masanja amemwambia mama yake. Alikwenda jana peke yake, akamwaga habari yote ya Dar.

Leo asubuhi mama mkwe kashuka kwenye bodaboda mlangoni kwetu, amekumbatia mablanketi mawili ya kichanga. Mapya. "Mmewaacha kwenye barafu, nyie? Nendeni mkawachukue."

Nilieleza karibu saa nzima. Kwamba ni wadogo kuliko punje ya ulezi, wadogo mno. Akauliza, "Hata wewe mwenye macho huwaoni?" Siwaoni, mama. "Basi tuko sawa." Akacheka. Mimi nikalia, na habari ya kizazi ikatoka kinywani mwangu mwenyewe. Akanipapasa kichwa kama anavyowapapasa mapacha.

Nikamsomea visanduku. Cha kwanza, hapana: Shija wake asiende kuitwa jina jingine kwa watu. Cha pili, akatema mate. Kwenye cha tatu nikamweleza habari ya macho.

"Mimi yangu yameshaona ya kutosha. Na Shija hatumwi kazi kabla hajazaliwa."

Mablanketi kayaacha.

Jumatatu, 31 Machi
Tumetia saini. Kisanduku cha tatu.

Masanja alitaka wapewe wengine. Tumebishana siku tano. Mwishowe mwenyewe akasema hataweza kupita stendi bila kumkagua kila mtoto usoni. Kutupa hatukuweza, wote wawili.

Sina uhakika kwamba ni watu. Sina uhakika kwamba si watu. Nimetia saini hivyohivyo.

Nimewaandikia pia watu wa mwongozo, kwa jina langu kamili. Kwamba karatasi niliyoisoma ukumbini haikuwa yangu. Kwamba ninavyo viwili Dar. Kwamba wazazi waulizwe kwanza, na wakikubali waruhusiwe. Nakala nikampelekea mama Evarista mkononi. Aliisoma amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akasema nipumzike kwanza kusoma masomo kanisani.

Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Lakini usingizi nimepata.

Jumamosi, 5 Aprili
Misunkumilo. Mvua imepungua. Mama mkwe anajua, Masanja alishamweleza. Tulisalimiana, habari ya visanduku hakuigusa.

Jioni alimkamua ng'ombe wa Shija kwa kupapasa, hakumwaga hata tone. Akampa Kulwa kikombe. Akampa Doto kikombe. Akauliza vimebaki vingapi. Nikasema viwili.

Akavijaza. Akakaa navyo kidogo, kimoja mkono huu, kimoja mkono ule.

"Haya. Baba yao, mama yao, kunyweni nyie."

Tulikunywa. Maziwa yalikuwa bado ya vuguvugu.